Maneno Yasikike Kwanza: Kuchagua na Kuseti Risiva ya Homu Thieta katika Sebule za Tanga

Malalamiko ninayokutana nayo zaidi kwa wenye homu thieta hapa Tanga ni haya: bomu likilipuka kwenye filamu vioo vya madirisha vinatikisika, lakini watu wakianza kuzungumza huelewi wanasema nini. Rimoti haitoki mkononi. Unapandisha sauti wakati wa maongezi, unashusha mbio wakati wa vita. Shangazi yangu wa Makorora aliniambia siku niliyokwenda kumfungia risiva, ile mashine inayopokea sauti na kuendesha spika: "Mwanangu, mabomu nayasikia vizuri. Hao watu wanaambiana nini?" Hilo ndilo swali la kuanza nalo kabla ya kutoa pesa, na ndilo la kumalizia ukishafunga kila kitu.

Sauti ya filamu ya 5.1 imegawanywa katika njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni, na moja ya mdundo mzito unaokwenda kwenye sabufa. Mazungumzo karibu yote yamewekwa kwenye spika ya kati. Spika hiyo ikiwa dhaifu, ikiwa imefichwa ndani ya kabati, au ikiwa imelala chini ikielekea magotini mwa watu, hakuna risiva itakayokuokoa. Kwa hiyo mtu mwenye bajeti ndogo namshauri anunue spika tatu nzuri za mbele na sabufa ya wastani, za pembeni zije baadaye. Spika saba hafifu ni mzigo wa waya tu.

Tuje kwenye risiva yenyewe. Kitu cha kwanza kutazama kipo mgongoni. Geuza mashine usome kibandiko kinachotaja umeme. Huku kwetu umeme ni volti 230, hezi 50. Risiva nyingi za mtumba zinazotufikia zimetoka Japani, na za huko zimeandikwa AC 100V. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, imeungua. Za Marekani zimeandikwa 120V, nyingi kwa hezi 60 peke yake, na transfoma iliyopangwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi inapotumia hezi 50. Mimi ya Marekani siichukui hata kwa bei ya kutupa. Ya Japani inafaa, maana kwa kawaida imeandikwa 50/60Hz, mradi ununue transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine. Risiva ikiandikwa wati 300, tafuta transfoma ya 500 au zaidi. Jumlisha bei hiyo kabla hujasema umepata kwa bei rahisi, na ujue kwamba menyu za baadhi ya hizo ni za Kijapani.

Kibandiko hichohicho kitakueleza ukweli wa wati. Boksi linaweza kusema wati 5000 kwa herufi kubwa, na juu yake PMPO (kilele cha kufumba na kufumbua), wakati nyuma imeandikwa kwamba mashine inakula wati 80. Haiwezekani mashine itoe mfululizo umeme mwingi kuliko inaoupokea. Hata kwenye risiva za kampuni zinazoheshimika, soma namna walivyopima. Wati 80 zilizopimwa kwa spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), kuanzia hezi 20 hadi 20,000, ni wati za kweli. Wati 150 zilizopimwa kwa spika moja ya omu 6, kwa hezi 1000 tu, tena sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10, ni hesabu ya kuuzia.

Tena wati zenyewe hazina uzito ambao watu wanazipa. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaitambua kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara 10. Sebule ya mita nne kwa tano ya Chumbageni au Sahare haihitaji hayo. Linganisha omu za spika zako na zile risiva inazoruhusu nyuma pale kwenye skrubu, kisha pesa iliyobaki ipeleke kwingine.

Kwingine kwenyewe ni hapa: hakikisha risiva ina kifaa cha kujiseti na maikrofoni yake. Denon na Marantz wana Audyssey, Yamaha wana YPAO, Pioneer wana MCACC, Onkyo wana AccuEQ. Yote yanafanya kazi moja: maikrofoni inasikiliza sauti za majaribio ukiwa umeiweka unapokaa, kisha risiva inapanga umbali, ukubwa wa sauti na mizani ya kila spika. Ukinunua mtumba, muulize muuzaji maikrofoni iko wapi kabla hujauliza rimoti. Rimoti utapata mbadala. Maikrofoni zimetengenezwa kufuata mfumo wa mashine yake, na ya kampuni nyingine inaweza kukupa vipimo vya uongo.

Cha mwisho dukani ni soketi ya HDMI yenye maandishi ARC, iliyoanza na HDMI 1.4 mwaka 2009. Kwa ARC, king'amuzi na fleshi vinabaki kwenye TV, na sauti inarudi kwenye risiva kwa waya mmoja. Hivyo hata risiva kuukuu isiyopitisha picha ya 4K bado ina kazi nzuri mbele yake. Ila ukishachomeka, ingia kwenye menyu ya sauti ya TV. Nimeingia kwenye sebule zenye spika tano zilizopangwa vizuri kabisa huku TV imewekwa PCM, na kupitia ARC hiyo inapeleka njia mbili tu. Badilisha iwe Bitstream au Auto. Ndipo spika ya kati inapopata maneno yake.

Sasa chumba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo sauti za nyumba zetu zinapoharibika. Tunajenga kwa tofali za saruji, tunapaka rangi ya kung'aa, tunatandika vigae ukuta hadi ukuta, tunaweka vioo vikubwa upepo wa bahari uingie. Yote hayo yanarudisha sauti. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia kofi linalialia baada ya mikono kutulia, maneno ya filamu nayo yanafanywa hivyohivyo. Konsonanti kama s, t, f na k ndizo zinazotufanya tutofautishe neno na neno, na ni nyepesi; mwangwi ukizikuta, unazifunika.

Kwa shangazi nilichukua godoro la chumba cha watoto nikaliegemeza ukuta wa kando, kati ya TV na sofa. Tukacheza kipande cha maongezi godoro likiwepo, kisha likiwa limetolewa. Hakuhitaji maelezo. Alisema, "Rudisha godoro." Bila shaka huwezi kuishi na godoro sebuleni, lakini jaribio hilo linakuonyesha ni ukuta gani unakukosesha raha. Pale tuliweka pazia zito lenye mikunjo mingi, fimbo ikasogezwa mbele kiasi cha kiganja kutoka ukutani, kwa sababu kitambaa kilichoachana na ukuta kinameza sauti nyingi zaidi kuliko kilichougusa. Sakafuni, mbele ya sofa, tukatandika zulia nene. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa macho na kwa kukalia, ila kwa kazi hii ni mwembamba mno. Sofa tukaivuta mbele kidogo iachane na ukuta, maana mdundo hujilundika ukutani na anayeegemea pale anaupata kupita kiasi.

Sabufa ina njia yake ya kutafutiwa mahali. Iweke juu ya sofa pale unapokaa, cheza muziki wenye besi inayotembea juu na chini, kisha zunguka chumba ukiwa umechutama, masikio yawe karibu na sakafu. Utapita sehemu besi inavuma, sehemu nyingine inapotea. Pale inaposikika sawa kwa noti zote, hapo ndipo iwekwe. Ukisikia dari ya jipsamu au vioo vya dirisha vinanguruma, vikaze kwanza, maana kelele hizo huwezi kuziondoa kwa rimoti.

Kabla ya kuseti, panga spika za mbele kulia na kushoto ziwe na umbali sawa kutoka ulipo, zikiachana kiasi cha nyuzi 22 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Za pembeni ziwe kwenye ubavu au nyuma kidogo, nyuzi 90 hadi 110. Ya kati iwe chini au juu ya TV, uso wake ufike ukingoni mwa meza ili meza isiizuie sauti, na ielekezwe masikioni. Waya uunganishe nyekundu ya risiva na nyekundu ya spika, nyeusi na nyeusi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa sebule nyingi; ukiukwangua na ndani ukawa mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe.

Kujiseti kunataka ukimya. Nachagua saa nne asubuhi siku ya kazi, watoto wako shule. Zima pangaboi, zima friji kama iko karibu, funga madirisha kwa ajili ya bajaji na kunguru. Maikrofoni isiwekwe juu ya mto wala mgongo wa sofa, bali kwenye stendi, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Stendi ya taa ya kupigia video inafaa kabisa. Sabufa ifungue sauti nusu, na kitufe chake cha kukata masafa kipeleke mwisho wa juu, kazi hiyo iachie risiva. Nafasi ya kwanza ya maikrofoni iwe kiti chako hasa. Nafasi nyingine zisiende mbali, nusu mita huku na huku inatosha. Wewe mwenyewe toka chumbani au ukae nyuma kimya.

Ikimaliza, usiamini kila kitu. Ingia kwenye menyu uangalie. Umbali wa spika lazima ufanane na wa utepe wa kupimia, isipokuwa sabufa: risiva ikisema iko mita 5 na wewe unaiona mita 3, iache, imehesabu pia ucheleweshaji wa mitambo iliyo ndani ya sabufa. Kisha tazama ukubwa wa spika. Mara nyingi itaandika Large kwa spika za mbele. Badilisha ziwe Small, na uweke mpaka wa sabufa (crossover, yaani masafa ambayo sauti za chini yake zinapelekwa sabufa) hezi 80. Kwa spika ndogo za mezani, 100 au 120. Usiupeleke 200, kwa sababu sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 85, na ukiupandisha sana mpaka huo, sabufa itaanza kuzungumza na utasikia mtu anaongea kutoka kwenye kona ya chumba.

Kama risiva haina maikrofoni, tumia sauti ya majaribio iliyomo kwenye menyu na programu ya kupima desibeli kwenye simu. Kaa kwenye kiti chako, elekeza simu juu, rekebisha kila spika mpaka zote zisome namba moja, mathalani 75. Simu yako inaweza kukosea namba yenyewe, lakini inalinganisha spika na spika vizuri. Kwa sabufa usiitegemee, simu nyingi hazisikii masafa ya chini. Hapo tumia masikio.

Baada ya hayo yote ndipo ninapocheza maongezi tena, na spika ya kati naiongeza desibeli 1 au 2 kwa mkono. Zaidi ya 3 sauti inaanza kujitenga na picha. Risiva nyingi zina pia hali ya usiku, inayopunguza pengo kati ya kishindo na mnong'ono. Nyakati za Ramadhani, watu wakirudi tarawehe na watoto wamelala, hiyo ni neema.

Kwa muziki wa kwetu wa zamani, taarabu ya Black Star na Lucky Star au dansi la Atomic Jazz, zima mbwembwe za kuusambaza kwenye spika tano. Chagua Stereo. Hali ya Direct kwenye risiva nyingi inaruka mpangilio wote uliouhangaikia na mara nyingine inaiacha sabufa nje, wakati Stereo inaubakiza.

Hewa ya chumvi inakula ncha za waya. Ukiona shaba imekuwa kijani, kata sentimita mbili, menya upya. Juu ya risiva acha angalau sentimita 10 za wazi, king'amuzi kisikalie matundu ya joto. Weka stabilaiza, na umeme ukikatika chomoa mpaka urudi na utulie. Namba zote za menyu, umbali, desibeli na hezi, ziandike au zipige picha kwa simu, kwa sababu fundi akiifuta kumbukumbu ya mashine utazirudisha kwa dakika chache. Ukihamisha sofa, ukibadilisha pazia au ukiondoa zulia kwenda kulifua, namba hizo si za chumba hicho tena. Toa maikrofoni upime upya.