Sema Tena, Samahani

Mmeuliza: shairi linalohusu kusikiliza lina haja gani ya vina (silabi za mwisho zinazolingana), mizani (idadi ya silabi) na kibwagizo (mstari unaorudiwa kila ubeti)?

Nitajibu kwa langu. Masika haya, hapa Ujiji, mama alinijia barazani akasema nianue dagaa, wingu limetanda ziwani. Nikaitikia huku macho yangu yakiwa kwenye simu. Dagaa wakaloa wote. Usiku nikaandika:

Kaja mama barazani, ana neno kunijuza,
Nami simu mkononi, "ndiyo, ndiyo" naongeza,
"Nimesema jambo gani?" Kimya kikanipumbaza,
Sema tena, samahani, bado sijasikiliza.

Mstari wa pili mwanzoni ulisema "ndiyo, ndiyo nikaongeza". Nikamsomea mzee mmoja jirani, mshona nyavu. Hakuhesabu kwa vidole, hata sindano hakuiweka chini. "Mwanangu, utao wako umezidi mmoja." Utao ni nusu ya pili ya mstari. Nikahesabu: ni kweli, mizani 9 badala ya 8. Mimi niliyeandika sikuisikia, yeye aliyeinamia wavu aliisikia! Sikio likishazoea nane kwa nane, silabi ya ziada hulikwaruza kama mchanga kwenye dagaa. Kwa hiyo mizani naitetea bila kusita, maana humfanya hata mtunzi ajisikilize.

Vina sivisifii hivyo. Kibwagizo changu cha kwanza kilikuwa "Masikio ni amani, tujifunze kusikiza". Mizani 16 kamili, vina vimekaa, lakini hiyo amani ilitoka wapi? Iliitwa na "-ni" tu, ikaja na mahubiri yake. Nilipoifuta, "-ni" ileile ikanipa "samahani", neno nililopaswa kumwambia mama tangu mchana. (Na "kusikiza" nikakirefusha kuwa "sijasikiliza", maana kusikia nilikuwa nimesikia, ila sikusikiliza.)

Kuhusu kurudiarudia, wapo wanaosema kibwagizo ni kujaza nafasi. Changu katika ubeti wa kwanza ni aibu mbele ya mama. Katika wa pili namwambia mwanangu, aliyekuwa akinieleza habari za shule nikamkatiza. Maneno hayakubadilika hata herufi, ila katika ubeti wa pili yaliniuma zaidi.

Jumapili niliwasomea nyumbani. Ubeti wa tatu nilipofika "Sema tena", mama alishanitangulia kutoka jikoni: "samahani, bado sijasikiliza!" Watoto wakacheka. Kisha akachungulia mlangoni, mwiko mkononi, akauliza wale dagaa walioloa nitawalipa lini.