Kuvuta trela ndogo ya kambi na Prius, itaweza? Na betri je?

SWALI: Habari fundi. Nina Prius ya 2017 na nimepata trela ndogo ya kulala watu wawili, tupu ina kilo 420 na haina breki zake. Fundi mmoja kaniambia haibridi, yaani gari ya injini na mota ya umeme pamoja, haivuti kitu kabisa, nitaua betri. Mwingine kasema vuta tu mbona mota ya umeme ina nguvu. Njia tunayopita ina mlima mrefu. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Mi haibridi ndio kazi yangu ya kila siku na naona hao mafundi wote wawili wanabishana kuhusu nguvu, wakati nguvu sio ishu hapa. Kuondoka na trela ya kilo 420 Prius itaondoka vizuri tu, mota ya umeme inatoa nguvu yake tangu tairi halijazunguka. Mambo ya kuumiza kichwa ni joto, kusimama, na kurudi nyuma, na hivyo vitatu kwenye haibridi vina tabia zake ambazo gari ya kawaida haina.

Ila kabla ya yote fungua kitabu cha gari. Prius ya kizazi chako Toyota waliiuza Ulaya ikiwa na ruhusa ya kuvuta kilo 725, alafu Marekani kitabu cha gari hiyo hiyo kinasema hawashauri uvute trela kabisa. Kwa hiyo namba uliyoiona mtandaoni inaweza isiwe yako. Angalia kitabu chako na kile kibati chenye namba ya chesi, ukikuta gari yako haina ruhusa basi usivute, maana likitokea la kutokea bima wataanzia hapo hapo. Na kufunga ndoano nene zaidi hakuongezi hata kilo moja, ndoano ikiandikwa inabeba tani nzima gari bado ni ile ile.

Alafu hizo kilo 420 ni tupu. Weka godoro, jiko, mtungi wa gesi, viti, betri ya trela, na maji ambayo kila lita ni kilo nzima, utajikuta kwenye 550 au 600 bila hata kujua. Ijaze kama unavyosafiri nayo kweli kisha ipeleke mizani, usikisie. Uzito unaokandamiza pale kwenye ndoano nao pima kwa mizani ya kupimia watu, kwa trela kama yako ukiwa kati ya kilo 40 na 50 hivi inatulia, lakini usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na kumbuka hizo kilo zinahesabika kama mzigo wa gari pamoja na abiria. Vitu vizito vikae juu ya ekseli ya trela. Ukirundika nyuma trela itaanza kucheza kushoto kulia ukiwa kasi, na ikianza hivyo toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa hasira.

Sasa mlima. Betri kubwa ya Prius haifikishi hata uniti moja na nusu ya umeme, na kompyuta haikuruhusu kuitumia yote, inachezea pale katikati tu. Piga hesabu na mimi: gari, watu na trela tuseme jumla kilo 2200, kuupandisha huo mzigo mita 100 kwenda juu, nasema kimo sio urefu wa barabara, unahitaji kama uniti 0.6. Yaani msaada wa betri unaisha mapema sana kwenye mlima mrefu, na kuanzia hapo unabaki na injini ya 1.8 yenye kilowati 72 peke yake. Itapanda, ila injini itapanda mizunguko na kulia kelele moja ndefu bila kubadilisha gia, watu wengi wakisikia hivyo wanadhani gia boksi imekufa. Haijafa, hakuna gia za kubadilisha mle, ni seti moja ya gia za sayari na mota mbili, kompyuta inaiweka injini kwenye mzunguko inaoutaka na kuiacha hapo. Wewe punguza mwendo, kaa na malori, usishindane.

Na betri haifi kwa kuishiwa chaji mlimani, kompyuta inailinda. Kinachoiua ni joto. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu ya pale kwenye siti ya nyuma, na watu wakienda kambi ndio wanajaza mablanketi na mabegi mpaka matundu yanazibwa, alafu wanapanda mlima na mzigo juani. Usizibe hayo matundu hata kwa dakika moja, safisha chujio lake kabla ya safari, na washa AC maana hewa inayoipoza betri ndio hiyo hiyo unayokaa nayo wewe. Upande wa mbele inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, ina kulanti yake yenyewe, yaani maji ya kupoza, na pampu yake, angalia kiwango chake, watu wanaangalia ya injini tu. Na oili ya gia boksi hata kama umeambiwa ni ya maisha, mtu anayevuta trela aibadilishe, ni kazi ndogo sana ukilinganisha na bei ya mota.

Kushuka ndio kunaniogopesha zaidi ya kupanda. Mwanzoni utafurahi, ukigusa breki gari inarudisha umeme kwenye betri na inashika vizuri, ila kwa kibetri kile mteremko mrefu unaijaza haraka, na ikijaa hakuna pa kupeleka umeme, hapo kinachobaki ni breki za kawaida zinazosukumwa na kilo 600 kwa nyuma. Kwa hiyo weka gia ya B tangu juu kabisa, kabla hujapata kasi. B inaizungusha injini ili izuie gari. Haichaji zaidi kama watu wanavyodhani, ni ya kuzuia tu, na tambarare irudishe D.

Hapo hapo ndio nakuomba sana kuhusu trela isiyo na breki. Hata kama sheria ya ulipo inaruhusu, kilo 600 nyuma ya gari ya kilo 1400 kwenye mlima mrefu mi nisingetembea hivyo na familia. Ulizia uwekewe breki za msukumo, zile ambazo gari ikipunguza mwendo trela inasukuma mbele, mkono wake unaingia ndani na kukaza breki zenyewe. Hazihitaji kuunganishwa na breki za gari, na kwa haibridi hilo ni jambo jema, maana ule mfumo wa breki wa Prius sio wa kila mtu kwenda kuuchokonoa.

Kitu ambacho karibu hakuna anayekisema ni rivasi. Prius haina gia ya kurudi nyuma, inarudi kwa mota ya umeme peke yake na injini haiwezi kusaidia. Kurudisha trela kinyumenyume kwenye kilima ni kuichemsha mota na inveta bure. Trela yako ni ndogo, ifungue, isukumeni kwa mikono mpaka mahali pake. Na ukisimama mlimani shika breki, usiishikilie gari kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, mota iliyosimama huku inapitisha umeme mwingi inapata moto haraka mno.

Waya za taa usiruhusu mtu azichune na kuunganisha kwenye taa za gari, tumia kile kiboksi cha trela chenye umeme wake kutoka betri ndogo ya volti 12 na fyuzi yake. Na popote ukiona waya wa rangi ya chungwa mkono ukae mbali, kule ni zaidi ya volti 200. Hiyo betri ndogo ni dhaifu, usiitegemee kuendesha friji ya trela usiku kucha. Alafu tafadhali, mkiiacha gari kambini ikiwa READY, yaani imewashwa tayari kuondoka, mjue injini itajiwasha yenyewe ikitaka, moshi wake ukiingia kwenye hema au trela watu wanalala jumla wasiamke tena. Izimeni kabisa.

Mafuta utatumia zaidi na mwendo ndio utaamua kiasi gani, ukitoka 80 kwenda 100 nguvu ya kupasua upepo inakuwa karibu mara mbili. Baki kwenye 80.

Na ukija kutaka trela kubwa zaidi usiipe Prius hiyo kazi. Wengi wanakimbilia RAV4 haibridi, sawa, ila kwa zile za Ulaya za kuanzia 2019 ya kuvuta tairi za mbele ruhusa yake ni kilo 800, ile yenye mota ya pili nyuma ni kilo 1650. Kwa macho zinafanana, chungulia chini uione hiyo mota na usome kibati kabla hujalipa.