Wanaoanza bendi, wasikilizeni Rush

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza gita la besi huwa nawapa kwanza kazi ya kusikiliza, na bendi ninayowapa ni Rush ya Toronto, Kanada. Watu watatu tu: Geddy Lee kwenye besi na sauti, Alex Lifeson kwenye gita, Neil Peart kwenye dramu. Nyimbo zao za "progressive rock", yaani roki yenye muundo mgumu, ni ndefu, zimejaa mapigo yasiyozoeleka, na wengi wenu mtaona mwanzoni kama kelele. Vumilieni. Bendi hii ilifanya muziki iliotaka kwa miaka 40, na ukiifuatilia unaona uhuru huo ulilipiwa kwa gharama gani.

Ulilipiwa kwanza kwenye baa. Rush ilianza mwaka 1968 katika kitongoji cha Willowdale, ikipiga kwenye dansi za shule. Mwaka 1971 jimbo la Ontario lilishusha umri wa kuruhusiwa kunywa pombe kutoka miaka 21 hadi 18, baa zikajaa vijana na kazi ikawa nyingi. Kampuni za kurekodi zilipowakataa, wao na meneja wao Ray Danniels walianzisha lebo yao, Moon Records, wakatoa albamu ya kwanza mwaka 1974. Iliyowafungulia mlango ni redio moja ya Cleveland, Marekani, WMMS, ambako mkurugenzi wa muziki Donna Halper alipiga "Working Man", wimbo wa dakika saba kuhusu mtu anayekwenda kazini na kurudi. Cleveland ni mji wa viwanda. Watu wakapiga simu kuuliza ni akina nani hao, na muda si mrefu kampuni ya kurekodi ya Mercury ikawapa mkataba. Kwa hiyo msiwadharau wasikilizaji wa sehemu moja. Mji mmoja unaokuelewa una thamani kuliko nchi nzima inayokusikia juu juu.

Hapo mpiga dramu wao wa kwanza, John Rutsey, akaondoka kwa sababu za kiafya. Neil Peart alijiunga mwishoni mwa Julai 1974, wiki mbili tu kabla ya ziara ya Marekani. Alikuwa amekwenda Uingereza kutafuta maisha ya muziki, hayakumkubali, akarudi kuuza vipuri vya mashine za kilimo kwenye biashara ya baba yake. Mkono wake ulikuwa tayari siku ulipohitajika, maana hata akiuza vipuri hakuacha kupiga.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kila mtu hukisimulia, na naona wengi hukisimulia vibaya. Mwaka 1975 walitoa *Caress of Steel*, yenye wimbo unaojaza upande mzima wa sahani ya santuri. Haikuuzika. Kumbi zikapungua watu hadi wenyewe wakaibatiza ziara ile jina la kuporomoka. Kampuni ikataka nyimbo fupi za redioni. Wao wakajibu kwa *2112* ya mwaka 1976, ambayo upande wa kwanza ni wimbo mmoja wa dakika 20 kuhusu dunia ambayo makuhani wamepiga marufuku muziki wa mtu binafsi. Albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 3 Marekani peke yake.

Vijana husikia hapo kwamba ukaidi hulipa. Tazameni vizuri. Walikuwa wamekaa barabarani karibu miaka miwili mfululizo, wakiandika nyimbo kwenye hoteli na vyumba vya kubadilishia nguo, kwa hiyo walijua mbele ya watu ni kipi kinashika na kipi kinalala. Ule wimbo mrefu una vipande vilivyo wazi kuliko vya albamu iliyotangulia, na upande wa pili wa sahani una nyimbo tano fupi. Walirudia wazo lilelile wakiwa wamelirekebisha. Bosi au prodyuza akikwambia kazi yako haiuziki, jiulize kwanza kama imekamilika. Ukishaikamilisha, hapo ndipo una haki ya kugoma.

Jambo la pili hulisemi kwa mtu asiyepiga ala akakuelewa. Mwaka 1978, wakiandaa *Hemispheres* huko Wales kwenye studio za Rockfield, walitunga na kurekodi muziki wote bila kupima ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo unaimbwa, dhidi ya sauti ya Lee. Alipofika London kuingiza sauti, akakuta nyimbo ziko juu mno hata kwake, mtu maarufu kwa sauti ya juu. Ilikuwa mateso, na hakukuwa na namna ya kushusha bila kurekodi upya. Basi, kabla hamjalipia hata saa moja ya studio, mwimbaji aimbe wimbo mzima kwa sauti kamili, mara mbili mfululizo, kwenye ufunguo mtakaourekodi. Akichoka, shusheni. Siku ya studio, kiburi cha mpiga gita anayependa ufunguo fulani kinagharimu pesa.

Baada ya hapo wakabadilika. *Permanent Waves* ya mwaka 1980 na *Moving Pictures* ya 1981 zina nyimbo fupi zaidi, lakini ugumu haukuondoka, uliingizwa ndani. "YYZ" inaanza na mdundo wa mapigo matano ambao ni herufi YYZ, kifupi cha uwanja wa ndege wa Toronto, kwa alama za Morse za simu ya maandishi. "Tom Sawyer" ina sehemu ya ala inayokwenda kwa mapigo saba, na mtu anacheza bila kujua. Mkijifunza mapigo ya namna hii, msihesabu moja hadi saba kwa mkupuo. Gawanyeni katika mbili na tatu, pigeni makofi, imbeni kwa mdomo, halafu ndipo mshike ala. Na mkiwa watatu, mtazameni Lee: besi mkononi, kinanda mbele yake, pedali za sauti nzito miguuni, na bado anaimba. Kwa miongo kadhaa hawakuajiri mtu wa nne jukwaani.

Ninalolipenda kuliko yote ni la Peart. Kufikia mwaka 1994 alikuwa amepita miaka 40 ya umri na wapiga dramu duniani kote walikuwa wakimwiga. Akamsikia mpiga dramu mwingine, Steve Smith, amepiga hatua kubwa, akamuuliza siri. Akaelekezwa kwa Freddie Gruber, mwalimu mzee wa jazi. Peart alikwenda, akabadilisha namna ya kushika fimbo, akajifunza upya jinsi mkono unavyosafiri kati ya pigo na pigo. Mwaka 2007 akaenda tena kwa mwalimu mwingine, Peter Erskine. Kama huyo alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, mimi na wewe hatuna kisingizio.

Kuhusu kuishi pamoja nitasema machache. Muziki ulitungwa zaidi na Lee na Lifeson, maneno yakaandikwa na Peart, na mgawanyo huo uliwaepusha na ugomvi mwingi. Peart alipofiwa na binti yake mwaka 1997 na mkewe mwaka 1998, wenzake hawakumtafutia mbadala. Walingoja, na *Vapor Trails* ikatoka mwaka 2002. Walipiga shoo yao ya mwisho pamoja Los Angeles tarehe 1 Agosti 2015, na Peart alifariki Januari 2020. Mwaka 2025 Lee na Lifeson walitangaza kurudi jukwaani na mpiga dramu Mjerumani, Anika Nilles.

Anzeni na *Moving Pictures*, mara tatu kwa siku tofauti, kila mara mkifuata ala moja tu. Kisha *2112*. *Hemispheres* iacheni hadi mwezi wa pili, na mkiisikiliza, mwekeeni masikio mwimbaji.