Asilimia 90 ya chakula cha ng'ombe inakwenda wapi, na samadi inabaki na nini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama, nalima na kufuga hapa Chamwino, Dodoma. Nina ng'ombe 12 wa kienyeji, mtama ekari nne na alizeti ekari mbili. Mabua yote nalisha ng'ombe, na samadi naitawanya shamba zima nikipata mkokoteni. Kwenye semina tulifundishwa kwamba asilimia 90 ya anachokula mnyama inapotea, inayobaki mwilini ni 10 tu. Sasa kama inapotea, samadi ina kitu gani tena? Na kama samadi inarudisha kila kitu, mbona mtama wangu unazidi kufifia? Kijana wangu anasema tuchome mabua, majivu yatatosha. Naomba unisaidie.

JIBU: Nzuri mama, pole na majukumu. Aliyewafundisha hakukosea, ila yeye alizungumzia nishati na wewe unauliza kuhusu virutubisho. Vyote viwili vinaingia kwa ng'ombe katika tonge moja la mabua, kisha vinaachana humo humo tumboni. Nishati hupita mara moja ikaondoka. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu haziishi, zinahama tu, na shida ya shamba lako ni mahali zinakohamia.

Hiyo 90 ina historia yake. Mwaka 1942 Mmarekani aitwaye Raymond Lindeman alichapisha hesabu za nishati katika ziwa dogo la Minnesota, kutoka kwenye mimea ya majini hadi wanyama wanaoila hadi wanyama wanaowala hao, na tangu hapo vitabu vya shule vikazoea kusema kwamba kila ngazi hupokea kama asilimia 10 ya ngazi iliyo chini yake. Ni wastani wa kukadiria. Ng'ombe wa Chamwino anayetafuna bua la Septemba hafikii hata hiyo 10.

Tufuate tonge lenyewe. Kwa mwaka, shamba la kawaida hunasa takriban asilimia 1 ya mwanga wa jua unaoliangukia, mara nyingi pungufu, na hiyo ndiyo nishati yote iliyomo kwenye punje, mabua na mizizi. Ng'ombe akila bua kavu, karibu nusu ya nishati yake hutoka na mavi bila kumeng'enywa. Kama asilimia 6 hivi anaibeua ikawa gesi ya methani. Inayobaki ndiyo inayomtembeza hadi kwenye lambo, inayomwezesha kucheua na kuendesha moyo na mapafu, na mwisho wake ni joto. Mshike ubavuni alfajiri ya Julai, upepo wa Dodoma ukiwa unakata, utalisikia hilo joto. Hakuna mmea unaoweza kulitumia tena. Na maji yakiwa mbali zaidi, matembezi yanakula kuliko anachopata kwenye bua, ndipo mnyama anaanza kuchoma mafuta yake mwenyewe na mbavu zinahesabika, ingawa hajaacha kula tangu asubuhi.

Virutubisho havifanyi hivyo. Fosforasi haichomeki ikawa joto. Kati ya naitrojeni anayokula ng'ombe, kama asilimia 75 hadi 90 inatoka tena kwenye mavi na mkojo. Nadhani hapo ndipo namba zilipowachanganya: asilimia 90 inayopotea ni ya nishati, na karibu kiasi hicho hicho cha virutubisho kinatoka salama nyuma ya mnyama. Kwenye shughuli wali huliwa ukaisha, sahani zinatakiwa kurudi stoo. Wewe umekuwa ukihesabu wali, nami nataka tuhesabu sahani.

Ya kwanza kupotea inapotelea zizini. Ingia zizini kabla jua halijachomoza, hasa msimu wa mvua ng'ombe wakiwa wanakula majani mabichi. Ile harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi ni amonia, yaani naitrojeni yako ikipaa. Majani yakiwa mabichi, nusu au zaidi ya naitrojeni hutoka kwenye mkojo, na mkojo ukigusa mavi na udongo, bakteria huanza kuugeuza amonia ndani ya saa chache. Potasiamu nayo nyingi imo kwenye mkojo, ila hiyo hairuki. Inazama chini ya zizi au inasombwa na mvua. Fosforasi hukaa kwenye mavi, haina harufu wala haraka. Kwa hiyo samadi iliyopigwa jua miaka miwili mitatu ina fosforasi ya kutosha lakini naitrojeni kidogo, na usisahau kwamba mara nyingi robo au nusu ya ule mzigo ni mchanga uliochotwa na koleo.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mabua ambayo ng'ombe wameyakataa, yale magumu ya chini, yatandaze zizini yawe malalo. Yanafyonza mkojo, na bakteria wanaoyaozesha wanaishika naitrojeni kwa sababu wenyewe wanaihitaji. Kila mwezi au miezi miwili yazoe, uyarundike kivulini na kufunika kwa udongo kidogo au turubai. Wakulima wengi wanaona hii ni kazi ya ziada isiyo na maana, na mimi naiweka mbele ya mbolea yoyote ya dukani.

Halafu acha kutawanya shamba zima. Kwa makadirio, ng'ombe wa kienyeji huacha zizini kama kilo moja ya mavi makavu kwa usiku, maana mengine anayaacha malishoni. Ng'ombe 12 kwa mwaka ni tani nne na kitu. Hizo zinatosha ekari mbili kwa kiwango cha chini. Ukizitawanya ekari sita, kila mmea unapata cha kunusa tu. Weka ekari mbili mwaka huu, mbili mwaka ujao, mbili mwaka wa tatu, na ndani ya mashimo ya kupandia badala ya juu juu.

Sasa tuje kwenye kinachotoka getini. Magunia 10 ya mtama ya kilo 100 yanaondoka na naitrojeni kama kilo 17 na fosforasi kama kilo 3. Mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo umeuza karibu robo tatu ya mfuko bila kuandikiwa risiti. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 akipanda gari la mnadani ameondoka na naitrojeni kilo 6 hivi, na fosforasi inayokaribia kilo 2, nyingi ikiwa kwenye mifupa. Sisemi usiuze, ada za watoto hazilipwi kwa mzunguko wa naitrojeni. Nasema hiyo ndiyo sababu samadi peke yake haiwezi kurudisha kila kitu: inarudisha kile kilichobaki nyumbani. Tena hata hicho sehemu yake si cha shamba lako, ng'ombe wamekiokota kwenye malisho ya kijiji na kukileta zizini. Angalia mahame ya mazizi ya zamani, jinsi nyasi zake zinavyobaki tofauti miaka mingi baada ya watu kuhama. Utajiri huo ulitoka kwenye nyika inayozunguka, na nyika ile haikurudishiwa.

Kwenye alizeti ndiko kuna jambo ambalo huwa nashangaa halisemwi kwenye semina. Mafuta ya alizeti ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Kaboni na oksijeni zimetoka kwenye hewa ukaa, haidrojeni kwenye maji, na jua ndilo lililoviunganisha. Ukiuza dumu la mafuta safi, shamba halijapoteza karibu chochote. Naitrojeni na fosforasi karibu zote zimebaki kwenye mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Tani moja ya mbegu inabeba naitrojeni zaidi ya kilo 25, kwa hiyo ukiuza mbegu kama zilivyo, au ukimwachia mwenye mashine mashudu ili akupunguzie bei ya kukamua, umempa sehemu ya udongo wako. Beba mashudu yako urudi nayo. Wape ng'ombe kiangazi, kidogo kidogo juu ya mabua: ile protini inawalisha bakteria wa tumboni, bua linameng'enywa vizuri zaidi, na samadi yake inakuwa na nguvu kuliko samadi ya mabua matupu. Kama kuna badiliko moja tu utakalofanya mwaka huu, naomba liwe hilo.

Kuhusu kuchoma mabua, mwambie kijana asubiri. Moto unarusha hewani karibu naitrojeni yote na sehemu kubwa ya salfa. Fosforasi na potasiamu zinabaki kwenye majivu, hapo yuko sahihi, lakini majivu ya Agosti yanakutana na upepo wa Agosti. Majivu ya jikoni ni habari nyingine, hayo mwaga shambani mvua zikianza.

Akisema mabua yakiachwa hayaozi, usimbishie sana. Kwa miezi saba au zaidi udongo wa Dodoma ni mkavu kiasi kwamba bakteria na kuvu wanasimama kazi. Kiangazi, mahali penye unyevu wa kuozeshea ni ndani ya matumbo: tumbo la ng'ombe, na tumbo la mchwa pamoja na vile vyumba vyake vya chini anakofuga kuvu. Mchwa anayekula mabua yako hajayaiba moja kwa moja, amehamishia virutubisho kichuguuni. Vichuguu vilivyohamwa vivunje usambaze udongo wake, mara nyingi ni wa mfinyanzi zaidi na una chokaa zaidi kuliko kichanga kinachouzunguka.

Mvua za kwanza zikigusa udongo uliokauka hivyo, bakteria wanaamka kwa kishindo, wanakula vilivyokufa kiangazi, na naitrojeni nyingi inaachiwa kwa wiki chache tu. H. F. Birch, aliyefanya kazi Kenya, aliliandika jambo hili mwaka 1958 na likabaki na jina lake. Wazee wa Kigogo wanaoberega, yaani wanaopanda kavukavu kabla ya mvua, wanakuwa na mizizi tayari wakati naitrojeni hiyo inapotoka. Anayesubiri udongo ulowe vizuri ndipo apande, sehemu yake imekwishazama na maji au imeliwa na magugu.

Lililobaki ni kujazia kilichouzwa. Naitrojeni ni rahisi, hewa imejaa: changanya mtama na kunde, mbaazi au njugu mawe. Ng'oa mche mmoja wa kunde ukianza kutoa maua, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Kikiwa chekundu kama damu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna unachopata. Ujue pia kwamba ukivuna kunde na kung'oa mashina yote kwa ajili ya ng'ombe, faida kubwa imerudi zizini, na tumeshaona zizini kunavyovuja.

Fosforasi haipo hewani, lazima itoke kwenye mwamba. Bahati nzuri wa kwetu upo Minjingu, mkoani Manyara, kwenye barabara ya Babati kwenda Arusha. Kilima kile zamani sana kilikuwa kisiwa katika Ziwa Manyara lililokuwa kubwa kuliko la leo, na ndege walao samaki waliacha kinyesi na mifupa vikarundikana hadi vikawa mwamba. Ila unga wa mwamba ule unayeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na Dodoma udongo unabadilika hata ndani ya kijiji kimoja. Kabla hujanunua mfuko, chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi hivi za shamba, changanya, kausha kivulini, umpe afisa ugani apeleke ukapimwe. Pembe la shamba palipokuwa zizi la zamani usichote, litakudanganya.