Tuta la mikokoni linapobomoka: maswali yenu na majibu

Mara iliyopita niligusa matuta yanayoziba vijito vya bahari ndani ya mikoko ili chumvi isipande mashambani na visimani. Mengi huchakaa, tena mahali ambapo gari halifiki. Nilisema kuyajenga upya palepale, kwa umbo lilelile, ni kuzamisha fedha topeni. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

Sisi tuko mlimani. Ya pwani yanatuhusu nini? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Yanatuhusu sana. Maji ya mto Kikuletwa, yanayotoka Meru na Kilimanjaro, hukutana na ya mto Ruvu wa huku kwetu kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo mto Pangani hupita kinamasi cha Kirua, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale (megawati 21) na Pangani (megawati 68), kisha huingia baharini. Maji matamu yakipungua mdomoni mwa mto, bahari hupanda juu, na tuta haliwezi kufanya kazi ya mto. Kirua yenyewe ilisinyaa baada ya bwawa kuzuia mafuriko yaliyokuwa yakiilisha. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka maji ya binadamu na ya viumbe wa mtoni yatengwe kwanza. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi zake hapa hapa Moshi. Mnaotumia mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, ombeni kuelezwa hesabu ya maji hayo yanayotengwa.

Kama tuta ni la zege imara, kwa nini libomoke? (Msomaji, Usa River)

Umewahi kuangalia banio la mfongo baada ya masika? Mawe ya katikati yako palepale, ila maji yamekula ukingo na kutengeneza njia mpya pembeni. Mikokoni ni hivyo hivyo, na zaidi, kwa sababu maji husukuma upande huu yakijaa na upande wa pili yakipwa, mara mbili kwa siku. Kila msukumo hutafuta tundu chini ya ukuta. Chembe za tope zikianza kutoka na maji, tundu huwa mfereji, na siku moja ukuta mzima unabaki umesimama juu ya shimo. Uimara wa zege hausaidii hapo. Kinachosaidia ni kuyarefushia maji safari: tuta pana, mabamba ya chuma yaliyopigwa kina kirefu ardhini, na mabega yanayoingia mbali ndani ya kingo. Tena udongo wa mikokoni ni laini, huzama kadiri unavyopakiwa mzigo, kwa hiyo tuta zito kupita kiasi hujishusha lenyewe.

Kuna waliowahi kupitia haya? (Msomaji, Tengeru)

Wapo. Cape Sable, kusini mwa Florida nchini Marekani, ilichimbwa mifereji miaka ya 1920 ili kinamasi kikauke watu walime. Mifereji ikakata ukingo wa asili, chumvi ikaingia, na mkondo ukaendelea kuipanua. Miaka ya 1950 iliwekwa matuta ya udongo, yakabomoka. Yakaja ya mabamba ya chuma, maji yakayazunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndipo vikajengwa vizibo vinene badala ya kuta nyembamba, vifaa vikiletwa kwa tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo majini, kwa kuwa barabara hakuna.

Tunabomoa la zamani kwanza? (Mwanafunzi wa uhandisi, Arusha)

Hapana, tafadhali. La zamani, hata likivuja, bado linapunguza kasi ya maji. Jenga jipya nyuma yake, upande wa nchi kavu, ambako kingo hazijaliwa. Kazi ngumu kuliko zote ni kuziba pengo la mwisho: kadiri linavyobanwa ndivyo mkondo unavyokimbia, na mkondo unaokimbia huchimba sakafu chini ya miguu yako. Kwa hiyo lizibe wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, usiguse bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maana pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kabla ya hapo pima kujaa na kupwa pande zote mbili kwa angalau mwezi mzima, ili mwezi mpevu na mwezi mwandamo vyote vipite mbele ya macho yako. Na chuma kinachopata maji na hewa kwa zamu huliwa upesi; kikadirie kwa unene wa ziada.

Kibali cha mazingira si kuchelewesha kazi? (Msomaji, Himo)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitaka tathmini ya athari kwa mazingira, na mimi ningeitaka hata isingekuwepo. Kamba na samaki wengi hukulia mikokoni. Ukiziba kijito kabisa umewafungia mlango. Mara nyingi lango linalofunguka linafaa kuliko ukuta mtupu. Pia uliza wavuvi na akina mama wanaookota chaza wanapita wapi. Ukiwafungia, watavuta mitumbwi juu ya bega la tuta, na hapo ndipo maji yatakapoanzia. Wajengee sehemu ya kuvushia, yenye mawe, na iingie kwenye michoro tangu siku ya kwanza.