Upemba kwa wikendi moja kutoka Lubumbashi? Jibu kwa aliyeuliza habari za simba

Ndugu, umeuliza kama unaweza kutoka L'shi (Lubumbashi) Ijumaa jioni na watoto, ukaone simba na tembo kwenye parki ya Upemba, Jumapili usiku uwe umesharudi nyumbani Kamalondo. Hapana. Ila safari yenyewe usiifute, badilisha tu unachokifuata.

Naona wengi wetu tunaangalia video za Serengeti kwenye simu, halafu tunadhani kila parki iko hivyo. Kwa ukubwa Upemba si ya kuchezea: ilianzishwa 1939 na ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Lakini imewindwa miaka na miaka, na vita vilipoingia mambo yakaharibika zaidi. Mitwaba, Pweto na Manono watu walikuwa wanapaita pembetatu ya mauti, na wewe mwenyewe unajua: penye bunduki nyingi nyama haibaki porini. Kwa hiyo simba usimtie kwenye hesabu. Tembo wapo, wachache, na wakisikia injini wanajificha. Siwalaumu.

Cha kufuata kule ni pundamilia. Wale wa uwanda wa juu wa Kibara, upande wa Lusinga, ndio pundamilia wa mwisho wa porini waliobaki katika Kongo yetu nzima. Sisi tuliondoka kituoni kabla jua halijatoka, kwa miguu, mlinzi mbele na bunduki begani. Baridi ilikuwa inauma hasa. Pale uko juu ya mita 1,700, na mwezi wa sita usiku wake si wa shati moja. Tukatembea kwenye majani yaliyolowa umande mpaka suruali zikashika magotini. Mlinzi akainama, akaokota mavi ya mnyama, akayavunja kwa vidole na kutuonyesha: ndani bado yana unyevu. Hakusema kitu, akakata kushoto. Tulipopanda kilima kidogo tukawaona ng'ambo ya bonde, kundi dogo, wote wamesimama wakitukazia macho. Tulikuwa na darubini moja tu, tukawa tunanyang'anyana. Mmoja akakoroma puani, wakageuka pamoja na kupotea nyuma ya mteremko. Basi, ndiyo hiyo. Kama mtoto wako ataona hiyo haitoshi, mpeleke zoo ya mjini, ni karibu na bei rahisi.

Sasa njia. Mpaka Likasi ni lami, kama kilomita 120, na hatari kubwa pale ni malori ya madini, hasa usiku. Ukishika njia ya Mitwaba ndipo kazi inaanza. Mashimo, vumbi jekundu, na madaraja ya miti ambayo unashuka kwanza ukayakague kwa miguu. Kwenye moja tulikuta vijana wa kijiji wameshika mbao mkononi: unalipa kidogo, wanazipanga, unapita, wanazitoa. Dereva wetu alitaka kugombana nao. Mimi nililipa, maana bila wao daraja lile lingekuwa limeshaanguka zamani. Usihesabu kilomita, hesabu mchana: giza likikaribia, omba pa kulala kijijini. Mazuti (dizeli) beba kwenye bidoni toka Likasi, na magurudumu ya akiba mawili, si moja. Maporomoko ya Kiubo, kwenye mto Lufira, ni mahali pazuri pa kupumzikia.

Msimu ni kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Mvua zikianza usijaribu, hata gari la jeep litalala kwenye tope.

Lakini kama kweli huna siku za kutosha, mimi ningekushauri Kundelungu. Ni parki ya 1970, iko karibu zaidi na mji, na ina maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 moja kwa moja. Wanyama usiwatarajie wengi. Na angalia tarehe: kiangazi kikiwa mwishoni Lofoi inakauka mpaka inabaki kama uzi ukutani. Mwezi wa tano maji bado yapo na njia imeanza kukauka.

Jambo moja lisilo na mjadala: kabla ya kuwasha gari, uliza ofisi ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia parki, mjini hali ya usalama ya wiki hiyo, si ya mwezi uliopita. Wanamgambo wa Mai-Mai hawajaisha, na walinzi wengi wa Upemba wamekufa kazini. Wakikuambia subiri, subiri. Kibali chukua hukohuko, usikubali mtu wa kati anayesema atakusaidia barabarani.

Ukipata tarehe iandike hapa. Kuna wenzetu wenye jeep wanaotafuta watu wa kuchangia mazuti, na kwenye njia ile magari mawili ni afadhali kuliko moja.