Bakapu ya seva ya utafutaji imegoma? Uliza kwanza nani anaandika, na wapi

Watu wanaoniletea tatizo la bakapu kwenye seva ya utafutaji iliyo mbali huniletea amri waliyoituma na kuniuliza ina kasoro gani. Mara nyingi amri haina kasoro. Shida ni dhana waliyo nayo kichwani, kwamba nakala itaandikwa na wao, kwenye mashine waliyokalia. Ukituma ombi la bakapu kwa Solr au Elasticsearch, programu mbili za utafutaji, wewe umeagiza tu. Anayeandika ni programu iliyoko kule, kwa jina la mtumiaji wa kule, kwenye diski inayoonekana kutoka kule.

Chukua ombi la kawaida la Solr:

/replication?command=backup&location=/mnt/bakapu

Mtu ameunda /mnt/bakapu kwenye mashine inayoendesha kazi za usiku, ameipa ruhusa zote, na bado Solr inalalamika kwamba folda haipo. Inasema kweli. Kwenye seva haipo. Ingia kule kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ujaribu kuandika ukiwa umevaa jina la Solr yenyewe:

sudo -u solr touch /mnt/bakapu/jaribio

Mstari huo umenifaa kuliko mifumo mingi ya ufuatiliaji niliyowahi kufunga. Usijaribu kama root, mtumiaji mkuu wa mfumo, maana kwenye diski ya kawaida root hakatazwi kitu, kwa hiyo kufaulu kwake hakukuambii lolote. Kwenye diski ya NFS, yaani inayotumiwa kupitia mtandao, mambo hugeuka: kwa kawaida seva ya NFS humvua root cheo chake, basi yeye anakataliwa wakati solr anaruhusiwa, na wewe unabaki kuhangaikia ruhusa ambazo hazina tatizo.

Touch ikipita na programu bado inakataa, angalia orodha ya njia zilizoruhusiwa ndani ya programu yenyewe. Tangu toleo la 8.6, Solr haigusi folda iliyo nje ya makao yake mpaka uitaje kwenye allowPaths. Elasticsearch ina path.repo kwenye elasticsearch.yml, na hiyo inatakiwa iwepo kwenye kila nodi kuu na kila nodi ya data (nodi ni seva moja kati ya zinazofanya kazi pamoja), kisha nodi ziwashwe upya. Kuiweka kwenye nodi moja na kuzisahau nyingine ni jambo ninalokutana nalo mara kwa mara.

Ukiwa na nodi kadhaa, hapo ndipo penye mitego mizuri. Kila nodi huandika vipande vyake vya faharasa (data iliyopangwa kwa ajili ya utafutaji) moja kwa moja kwenye hifadhi ya pamoja. Hakuna nodi moja inayowakusanyia wenzake. Kwa hiyo folda ile ile lazima ionekane kwa njia ile ile kwenye nodi zote, na zote ziweze kuiandikia. Elasticsearch inakupa kipimo cha papo hapo:

POST _snapshot/hifadhi_yangu/_verify

Ikikujibu kwamba nodi fulani haifikii hifadhi wakati wewe unaiona folda hapo hapo kwenye nodi hiyo, andika ls -ln, si ls -l. Herufi n inakuonyesha namba ya mmiliki badala ya jina. NFS, hasa toleo la 3, hulinganisha namba, majina haiyajui. Nimewahi kuikuta klasta, yaani kundi la nodi, ambamo mtumiaji elasticsearch alikuwa na namba moja kwenye mashine za zamani na namba nyingine kwenye mashine iliyoongezwa baadaye, kwa sababu huko kuna programu nyingine iliyotangulia kusakinishwa ikachukua namba yake. Ukitumia ls -l mmiliki ni elasticsearch kila mahali, safi kabisa. Ukitumia ls -ln, tofauti unaiona kwa macho. Sawazisha namba hizo kwenye mashine zote. Usikimbilie chmod 777. Itanyamazisha kosa la leo na kuacha faili zenye wamiliki wawili ndani ya hifadhi moja, na hizo zitakusumbua siku ya kufuta nakala za zamani.

Sasa kuna lile neno OK. Ombi la bakapu la Solr nililoonyesha hapo juu hujibiwa papo hapo, kabla kazi haijamalizika. OK hapo maana yake ni "nimesikia". Matokeo yenyewe utayapata kwa command=details, kwenye sehemu ya backup. Elasticsearch nayo, usipoweka wait_for_completion=true, hukujibu accepted na kuendelea na kazi yake nyuma ya pazia. Ongeza hapo tabia ya curl, programu ya kutuma maombi kwa seva: seva ikirudisha kosa la 500, curl bado hutoka na namba 0, yaani kwa mtazamo wa skripti mambo yamekwenda salama. Timu moja ilinionyesha logi iliyojaa "bakapu imekamilika", usiku baada ya usiku, wakati folda haikuwa na faili jipya hata moja. Skripti yao ilikuwa curl, halafu alama ya &&, halafu echo. Ukiweka -f, curl itatoka na namba 22 seva inaporudisha kosa. Hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu ya jibu la haraka nililolitaja. Skripti inapaswa kurudi kuuliza hali mpaka ipate jibu la mwisho.

Usijaribu kulikwepa hilo kwa kusubiri kwenye muunganisho mmoja mrefu. Nginx, seva ya kupitishia maombi, ikiwa katikati, kwa chaguo-msingi hukata ikikaa sekunde 60 bila kusikia chochote kutoka nyuma, na wewe unapata kosa la 504, yaani muda wa kusubiri umekwisha. Bakapu kule inaendelea kama kawaida. Unadhani imekufa, unaituma tena, na sasa zinagongana. Kwenye SolrCloud, yaani Solr ya klasta, tumia async kutuma kazi bila kusubiri, pamoja na REQUESTSTATUS kuuliza hali yake.

Kwenye Elasticsearch soma hali kwa makini pia. PARTIAL si SUCCESS yenye kasoro ndogo. Maana yake kuna angalau kipande kimoja ambacho data yake haikuhifadhiwa. Pitia sehemu ya failures, kisha _cluster/health, na kama kuna vipande visivyo na makao, _cluster/allocation/explain itakuambia sababu kwa maneno ya kueleweka kabisa.

Mengine kwa haraka. Diski: df -h, kisha df -i, kwani inodi (nafasi za kuorodhesha faili) zinaweza kuisha huku nafasi ikiwa tele. Hifadhi ya S3, ile ya mtandaoni ya Amazon, ikirudisha RequestTimeTooSkewed, rekebisha saa ya seva. Ikipishana na saa ya upande wa pili kwa zaidi ya dakika 15, maombi yanakataliwa hata kama funguo ni sahihi. Diski ya hifadhi ikijaa, usifute faili za Elasticsearch kwa mkono. Nakala zake hutumia faili kwa pamoja, na lile unaloliona la zamani huenda ndilo nakala ya jana inalolitegemea. Futa kwa DELETE kupitia API.

Na wale wanaonakili folda ya data kwa rsync huku seva inafanya kazi: Lucene, maktaba inayotunza faharasa ndani ya Solr na Elasticsearch, huunganisha faili zake na kuzifuta muda wote. Rsync itatoka na namba 24, yaani kuna faili zilizotoweka kabla hazijanakiliwa. Nimeona skripti zinazoipuuza 24 kwa makusudi. Kwa folda ya picha sawa, lakini kwa faharasa nakala hiyo mimi siihesabu.

Nakala ya Elasticsearch ikishapatikana, irejeshe kwa jina jingine kwa kutumia rename_pattern na rename_replacement, ulinganishe idadi ya hati kwa _count. Fanya hivyo kwenye klasta yenye toleo lile lile au jipya zaidi. Toleo la zamani halitaipokea nakala ya toleo jipya. Kwa Solr isiyo ya klasta, kumbuka kwamba amri ya backup huchukua faharasa tu. Skima (maelezo ya sehemu za data), orodha ya visawe na solrconfig.xml havimo. Faharasa yenyewe mara nyingi unaweza kuijenga upya kutoka kwenye hifadhidata, lakini orodha ya visawe ambayo watu wameirekebisha kwa miaka huijengi upya kutoka popote, kwa hiyo folda ya conf mimi huiweka kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, kabla hata sijaanza kuhangaika na bakapu ya faharasa.